Breki Inayopumua Mkononi

Yeyote aliyepata kupanda pikipiki kuukuu katika bonde la Kilombero, akaishika breki ya mbele kwa upole kumpisha ng'ombe njiani au mama aliyejitwika lumbesa ya mpunga, yamkini amewahi kuuhisi mkono wa breki ukiinuka na kushuka chini ya vidole vyake mfano wa kifua cha mtu aliyelala, na chombo kikisimama kwa kusitasita badala ya kutua kwa utulivu. Huo si mtetemo wa barabara, maana barabara hutetemesha mwili mzima bila ya mpango. Huu huja kwa mizani, haraka pikipiki iendapo haraka na taratibu inapokaribia kusimama, kisha hutoweka mara vidole vinapoachia. Wenyewe husema breki inapiga, na aghalabu hukumu hufuata papo hapo kabla mgonjwa hajavuliwa hata skrubu moja: diski imepinda, kanunue nyingine.

Nakusudia kuikatia rufani hukumu hiyo. Si kwamba ni ya uongo sikuzote, kwani diski hupinda kweli, bali hutolewa kabla ya mashahidi kusikilizwa, na mwenye pikipiki akalipa fedha ya diski mpya ambayo baada ya miezi michache huanza kupiga kama ile ya kwanza. Pikipiki nyingi za abiria tuzionazo vijiweni, zile Boxer na wenzake, zina breki za ngoma magurudumu yote mawili, na wenyewe waweza kuyasoma haya kwa udadisi tu, ingawa ngoma nayo ikipoteza uduara wake hupiga vilevile. Maneno yangu yawahusu hasa wale wanaonunua kwa mkono wa pili pikipiki zenye sahani ya chuma inayong'aa ubavuni mwa gurudumu la mbele, ambazo siku hizi zimekuwa nyingi tangu Kidatu mpaka Mlimba.

Mimi mwenyewe niliyajua haya kwa kununua. Masika yalikuwa yamekwisha, maji ya mto Lumemo yamerudi mahali pake, na mkulima mmoja wa mpunga, kijana mwenye adabu, akanitembeza barazani kwake kunionyesha pikipiki aliyotaka kuiuza apate mtaji wa msimu. Ilikuwa imesimama hapo tangu Machi hadi mwisho wa Mei, ilhali maji yamezunguka nyumba na hapana pa kwenda.

“Shikamoo mzee. Hii injini haijafunguliwa tangu nimeinunua.”

“Marahaba, mwanangu. Na breki je?”

“Breki zipo, mzee. Ila ya mbele inapiga kidogo, diski imepinda. Diski zinauzwa pale sokoni.”

Hakunificha, na kwa hilo nilimheshimu. Hata hivyo nilimwomba ruhusa ya kuikagua kabla ya kutaja bei, naye akaleta kigoda akakaa kutazama.

Ili tufahamiane, sharti kwanza tujue breki ya diski ni kitu gani. Asili yake ni ya kale kuliko wengi wadhanivyo: Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza yake mwaka 1902, lakini chuma na barabara za zama zile hazikumsaidia, na fahari ya fikira hiyo haikudhihirika mpaka magari ya Jaguar yaliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 yakiwa na diski zilizotengenezwa na Dunlop. Kwenye pikipiki zilizouzwa kwa watu wengi iliingia kwa kishindo mwaka 1969 kwa Honda CB750. Kwa hiyo kitu tunachokiona leo kwenye pikipiki ya kubebea mkaa kilikuwa, wakati wa ujana wa baba zetu, anasa ya matajiri.

Kazi yake ni hii. Mkono wa breki husukuma pistoni ndogo ndani ya masta silinda iliyo juu ya usukani. Pistoni hiyo husukuma mafuta ya breki ndani ya mpira mwembamba. Mafuta hayo nayo husukuma pistoni kubwa iliyomo ndani ya kalipa, yaani lile taya la chuma linaloikumbatia diski, na pedi mbili zikaibana diski kwa pande zote. Mafuta hayakubali kushindiliwa, na siri ya maradhi yetu yote imo katika tabia hiyo, kwa kuwa kisichoshindilika hupeleka habari huku na huku. Mkono ukisukuma, pistoni ya chini husikia. Pistoni ya chini ikirudishwa nyuma hata kwa unywele, mkono husikia. Na husikia kwa kukuzwa, maana pistoni ya chini ni pana kuliko ya juu mara tano au sita, na mkono wa breki wenyewe ni wenzo unaozidisha tena mara tano au sita, hata nusu ya sehemu ya kumi ya milimita iliyozidi kwenye diski hufika kwenye ncha za vidole imekuwa milimita moja na nusu. Hapana fundi awezaye kuliona kwa macho jambo ambalo kidole chake kinalihisi bila ya shida.

Hapo ndipo neno “imepinda” linapoanza kutiliwa shaka. Diski iliyopinda lakini yenye unene ulio sawa kote huyumba kushoto na kulia kila izungukapo. Katika pikipiki ndogo kalipa aghalabu huwa na pistoni upande mmoja tu, na mwili wake huelea juu ya pini mbili zilizopakwa grisi. Diski ikiyumba kushoto kalipa huteleza kushoto nayo, ikiyumba kulia huifuata, na pistoni haina sababu ya kurudi nyuma. Mkono hautasikia ila kidogo. Lakini pini zile zikikauka na kushika kutu, kalipa husimama kama mkaidi, na diski ile ile ambayo jana haikumsumbua mtu leo huipiga pistoni kila mzunguko. Kwa upande wa pili, diski iliyonyooka kama rula lakini nene hapa na nyembamba pale itaisukuma pistoni hata pini ziwe laini kama siagi. Basi dalili moja ina sababu zaidi ya moja, na mwenye kubadilisha diski na kuziacha pini katika kutu yake amemfunga asiye na hatia na kumwacha mshirika wa kosa akitembea mjini.

Iko dalili nyingine inayofanana na hii: mkono umetulia kabisa, lakini shokapu za mbele zinatetemeka na gurudumu linakamata na kuachia. Hapo unene si wenye kulaumiwa, bali uso wa diski, ambao mahali fulani unashika zaidi kuliko pengine. Sababu kubwa ni masalio ya pedi yaliyogandia juu yake, na bonde letu lina namna yake ya kuyapika masalio hayo. Fikiri mtu anayeteremka kutoka Mahenge na abiria mmoja na gunia la mchele, jumla ya uzito pamoja na chombo kilo 350 hivi. Katika kila mita 100 za kushuka, kama injini na upepo havikumsaidia, breki zake hubeba moto wa kutosha kuchemsha lita moja ya maji. Akifika chini, magurudumu yangali yanawaka, husimama kununua ndizi na kuendelea kuubana mkono wa mbele ili pikipiki isiteleze. Pedi, zikiwa zimeshikilia mahali pamoja pa diski yenye moto mkali, huacha hapo chapa yake mfano wa pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Tangu siku hiyo breki hupiga, na mwenyewe huapa kwamba diski imepinda kwa joto. Afadhali angeutumia mguu wa breki ya nyuma kuishikilia pikipiki, au angekwenda polepole mwendo mfupi hata diski ikapoa kwa upepo.

Narudi barazani. Jambo la kwanza lilikuwa kuipanda, nikatafuta kipande cha barabara kilichosawazika, nikaongeza mwendo hata kilomita 40 kwa saa kisha nikaiacha ipungue bila ya kugusa breki yoyote. Usukani ulitulia. Kama ungaliyumba hapo, ningalitafuta tairi lenye uvimbe, rimu iliyogongwa au spoki zilizolegea, na diski ingalikuwa imeachiliwa huru kabla ya kesi kuanza. Nikajaribu ya nyuma peke yake: shwari. Ya mbele peke yake, kwa vidole viwili: ikaanza kupumua. Kwa kilomita 20 kwa saa tairi la inchi 18, ambalo mzingo wake haufiki mita mbili, huzunguka takriban mara tatu kila nukta moja ya saa, na mapigo niliyoyahesabu yalikuwa ya kadiri hiyo, pigo moja kwa mzunguko mmoja. Hapakusikika ule mgoto mmoja mzito unaokuja mara breki inaposhikwa na kisha ukanyamaza, ambao ni ushahidi wa gololi za shingo ya usukani kulegea, wala si wa breki.

Kisha nikashuka, nikaisukuma kwa mkono polepole huku nimeibana breki kidogo tu. Hii ndiyo njia niipendayo kuliko zote, nayo haihitaji ila kipande cha chaki. Gurudumu lilizunguka kwa wepesi, likafika mahali likasita. Nikapiga alama juu ya tairi. Nikaendelea, likasita tena, na alama ya chaki ilikuwa imerudi mahali pale pale. Mara ya tatu kijana mwenyewe aliinuka kitini kuja kutazama.

“Kumbe ni sehemu moja tu, mzee?”

Tukalinyanyua gurudumu kwa kuweka kreti la soda chini ya injini. Nililishika juu na chini nikalitikisa kwa ubavu kuona kama beringi zimechoka, kwa sababu gurudumu linalocheza juu ya ekseli humfanya kila shahidi mwingine kuwa mwongo, lakini halikucheza. Boliti za diski zilikuwa zimekazwa. Tukafunga kipande cha waya kwenye mguu wa shokapu, ncha yake tukaikunja mpaka ikakaribia uso wa diski pasipo kuugusa, na tukalizungusha gurudumu taratibu tukitazama mwanga uliopo baina ya ncha na chuma. Mwanga ule ulipanuka na kufinyika, lakini kidogo sana. Wenye kutengeneza pikipiki aghalabu huruhusu diski iyumbe mpaka sehemu tatu za kumi za milimita, au chini ya hapo, na kwa mtu asiye na saa ya kupimia hiyo ni kadiri ya karatasi tatu za daftari zilizowekwa pamoja. Karatasi tatu hazikupita palipofinyika wala palipopanuka hazikupwaya. Diski haikuwa imepinda kwa kiasi cha kushtakiwa.

Palipokuwa mkabala wa alama ya chaki ndipo tulipoona kivuli. Neno sahihi silijui jingine: kivuli cha rangi ya kahawa, chenye umbo la pedi barabara, pembe zake zote zikionekana. Miezi mitatu ya maji na ukungu, pedi zimeigandia diski mahali pamoja, unyevu umejificha baina yao, na kutu ikala chuma taratibu pasipo mtu kujua. Aliporudi kuitumia, mwendo uliing'arisha diski nzima, lakini pale palipoliwa pakabaki na vishimo nilivyoweza kuvihisi kwa ukucha. Kwa watu wa bonde la mafuriko, nadhani hiki ni chanzo kinachopita kupinda kwa wingi wake, na dawa yake ya kinga ni nyepesi hata naona haya kuitaja: pikipiki inayolala isukumwe hatua chache kila juma, ili pedi zisikae mahali pamoja.

Tukaifungua kalipa. Pini moja iliteleza. Ya pili ilihitaji nyundo ndogo na subira kubwa, nayo ikatoka nyekundu kama udongo wa Mang'ula. Basi washitakiwa walikuwa wawili, diski iliyoliwa na pini iliyokwama, na kila mmoja alikuwa akimzidishia mwenzake makosa.

Bei tuliafikiana bila ya ugomvi. Sikumpunguzia kijana kwa sababu ya diski peke yake, bali kwa kazi yote iliyokuwapo, nami nikamweleza sababu moja moja. Muuzaji akionyeshwa kivuli kwa macho yake hubishana kidogo kuliko yule anayeambiwa tu kwamba chombo chake ni kibovu.

Fundi niliyempelekea ni mtu wa maneno machache, mwenye gereji ya mabati na mkorosho. Alizisugua pini kwa msasa mwororo, akazifuta, akazipaka grisi ya breki, si ile grisi ya kawaida ya beringi, ambayo huvimbisha mipira ya kuzuia vumbi na kuzifunga pini upya. Diski tuliisugua kwa msasa kwa mkono wa mviringo pande zote mbili, pedi kadhalika juu ya kioo bapa, kisha tukaifuta kwa spiriti. Nasisitiza spiriti, kwa kuwa nimewaona watu wakimimina dizeli au mafuta ya taa juu ya diski ili ing'ae. Pedi hunywa mafuta hayo kama sifongo na haziumi tena. Alipobadilisha mafuta ya breki alitazama kwanza kifuniko cha masta silinda kuona kama kinataka DOT 3 au DOT 4, akachukua chupa mpya iliyofungwa, maadamu mafuta ya breki huvuta maji kutoka hewani, na chupa iliyokaa wazi msimu mzima wa mvua haifai tena.

Nikaijaribu barabara ya kwenda daraja la Magufuli, lile lililofunguliwa rasmi mwaka 2018 na kutupumzisha na kivuko, nikashika na kuachia mara kumi hivi kutoka mwendo wa wastani, bila ya kusimama kabisa, ili pedi na diski zizoeane upya. Upigaji ulipungua kwa zaidi ya nusu. Haukwisha. Nakiri nilitamani uishie hapo, kwa kuwa ningaliandika makala fupi na yenye ushindi mwepesi.

Fundi akaazima maikromita kutoka karakana moja yenye mashine ya kukereza vyuma. Tukaigawa diski mahali panane kwa chaki, tukapima kila mahali kwa umbali ule ule kutoka ukingoni. Mahali sita palisoma milimita 3.68 au karibu yake. Mahali pawili, penye kivuli, palisoma 3.62. Tofauti ya sehemu sita za mia za milimita, nayo, kwa hesabu ile ya ukuzaji niliyoitaja, yatosha kabisa kuwa pumzi mkononi. Karibu na matundu ya boliti palikuwa na herufi ndogo zilizogongwa kiwandani, MIN TH 3.5, yaani unene wa mwisho unaoruhusiwa. Niliuliza kama karakana ile ingeweza kuikereza iwe sawa. Fundi akatikisa kichwa. Ili vishimo viishe ingebidi uso utolewe pande zote mbili, na kilichobaki kingeugusa mpaka ule au kuuvuka, na diski nyembamba hupata moto upesi na hupinda kweli, ikawa tumeutengeneza ule ugonjwa tuliokuwa tukiukanusha.

Kwa hiyo tukanunua diski. Najua msomaji atacheka: mzunguko mrefu, na mwisho wake ni kule kule alikosema kijana siku ya kwanza. Lakini hakusema pini, na kama tungaliifunga diski mpya juu ya kalipa iliyokwama, pedi ya upande mmoja ingaliigusa siku zote, ingaliipasha moto na kuichora upya kabla ya masika mengine. Wala hakusema jambo lililotupata asubuhi ile tulipoifunga.

Diski mpya ilikaa kwenye habu, boliti zikakazwa kwa kupishana, na fundi, bila ya kuambiwa, akafunga waya wake kwenye shokapu na kulizungusha gurudumu. Mahali pamoja waya ulikwaruza. Diski mpya, isiyopata kushikwa na breki hata mara moja, ilikuwa ikiyumba kuliko ile kuukuu. Mwanafunzi wake akasema ni feki, irudishwe dukani. Fundi hakujibu, alifungua boliti zote, akaigeuza diski, akapitisha kidole chake pole pole juu ya duara ya habu ambapo diski hukalia. Kisha akakinyanyua kidole kunionyesha. Juu ya ukucha palikuwa na chembe moja ya mchanga mweupe wa mtoni. Hapo karibu na kitovu cha gurudumu unene wake ulikuwa si kitu, lakini ukingoni mwa diski, ulio mbali na kitovu zaidi ya mara mbili, kosa lake lilikuwa limekua kwa kadiri hiyo hiyo. Akaifuta habu kwa kitambaa, akapitisha tupa kidogo palipokuwa na kinundu cha kutu, akafuta tena, akairudisha diski na kukaza boliti kwa kupishana kama mwanzo. Gurudumu likazunguka mara tano, na waya haukusema neno.